Kuchagua darubini ukiwa Tanga: kuanzia ufukwe wa Raskazone hadi msitu wa Amani

Mnunuzi wa darubini huanza na swali moja: inavuta mara ngapi? Wauzaji wanalijua swali hilo, ndiyo maana utakuta darubini ya ukubwa wa kiganja imeandikwa 30x60, nyingine hata 100x. Cha kujiuliza kwanza ni utasimama wapi, utaangalia nini na saa ngapi. Mkoa wa Tanga una bahari, mikoko, msitu wa milimani na nyika kavu, na kila mahali hapo panataka kifaa chake. Asiye na muda wa kusoma yote anunue 8x42 isiyopitisha maji, yenye uzito usiozidi gramu 800. Yanayofuata yanaeleza sababu, na hali ambazo ushauri huo haufai.

Namba mbili zilizoandikwa mwilini

Katika 8x42, namba ya kwanza ni mara ambazo kitu kinavutwa karibu. Furukombe aliye meta 200 utamwona kana kwamba yuko meta 25. Ukitumia 10x utamwona kana kwamba yuko meta 20. Tofauti ya meta tano si kubwa kama inavyosikika dukani, na ina gharama yake: mtetemo wa mkono nao unakuzwa, na eneo unaloliona linapungua. Kwa watu wengi, 10x ndiyo mwisho wa kushika mkononi. Kuanzia 12x picha huchezacheza kiasi kwamba maelezo madogo yanapotea, na darubini ya 20x bila cha kuiegemeza inaonyesha kidogo kuliko 8x iliyotulia.

Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Hiyo ndiyo inayoamua mwanga unaoingia, na pia uzito utakaobeba shingoni. Sasa gawanya ya pili kwa ya kwanza. 42 kwa 8 ni 5.25, 50 kwa 7 ni kama 7.1, 25 kwa 10 ni 2.5. Jibu hilo ni upana, kwa milimita, wa duara la mwanga linalotoka nyuma na kuingia jichoni. Mchana wa jua kali mboni ya jicho huwa na milimita mbili hadi tatu, kwa hiyo 10x25 inatosha. Jua likizama mboni inapanuka, na hapo 10x25 inakuwa giza ilhali 8x42 bado inaonyesha vizuri. Kijana mboni yake hufikia kama milimita saba gizani, lakini umri unavyosonga hupungua, na wengi waliopita miaka 50 hawafiki mbali zaidi ya tano. Mzee anayenunua 7x50 ili aone zaidi usiku anabeba kilo nzima kwa mwanga ambao mboni yake haiwezi kuupokea wote.

Duara pana lina faida nyingine isiyosemwa sana: jicho likiyumba kidogo picha haipotei. Ndani ya mashua faida hiyo ni kubwa kuliko mwanga wenyewe.

Kukamata namba za uongo

Huhitaji fundi. Geuza lenzi za mbele zielekee angani mahali penye mwanga, kamwe si kwenye jua, kisha ishike darubini umbali wa mkono ulionyooka. Kwenye kila lenzi ya jicho utaona kiduara cheupe. Weka rula juu yake na upime kipenyo, kisha zidisha kwa namba ya kwanza. Darubini iliyoandikwa 30x60 inapaswa kuwa na kiduara cha milimita 2. Ukikuta milimita 3, basi ama haivuti mara 30, ama lenzi ya mbele si 60. Pima na lenzi ya mbele kwa rula hiyohiyo. Mara nyingi utakuta ni 8x au 10x ya kawaida yenye lenzi ndogo iliyopewa jina kubwa.

Kiduara chenyewe kiwe mviringo kamili. Kikiwa na pembe kama almasi, au kingo zake zina kivuli cha kijivu, prizimu za ndani, yaani vipande vya kioo vinavyopinda mwanga ili picha isimame wima, ni za kioo duni au ni ndogo kupita kiasi, na mwanga unakatwa njiani. Prizimu nzuri kwa kawaida huandikwa BaK-4, duni BK-7, lakini usiamini maandishi mbele ya kiduara.

Aina nyingine tatu ziache hapohapo. Ya kwanza ni yenye lenzi nyekundu kama rubi. Rangi hiyo inarudisha mwanga mwekundu nje na kukuachia picha ya kijanikijani. Ya pili ni isiyo na gurudumu la fokasi kabisa, ambayo haioni vitu vya karibu na macho yanachoka. Ya tatu ni ya kuvuta kwa kubadilisha, tuseme 8 hadi 24: ikiwa kwenye 8 eneo ni finyu kama bomba, ikiwa kwenye 24 ni giza, na pande mbili hupoteza mlingano upesi. Maneno "ya kuonea usiku" kwenye boksi la darubini ya kawaida ni mapambo tu.

Ufukweni

Tanga bahari iko mashariki. Ukisimama Raskazone saa 1 asubuhi jua liko usoni, maji yanameremeta, na ndege wote wanaonekana weusi. Darubini ya bei yoyote itashindwa. Baada ya saa 9 alasiri jua linakuwa mgongoni na hata darubini ya wastani inatoa rangi za kweli. Katikati ya mchana hewa ya moto juu ya mchanga na maji hutetemesha picha, mazigazi yanatanda, na hapo kuongeza ukuzaji ni kukuza mtetemo. Mtu akilalamika kwamba 12x yake haioni vizuri, muulize kwanza aliitumia saa ngapi.

Kwa ndege wa fukwe, maji ni muhimu kuliko lenzi. Maji yakipwa, hasa wakati wa bamvua, sululu na kitwitwi wanatawanyika mbali kwenye tope na hakuna darubini ya mkononi itakayowatenganisha. Fika kama saa mbili kabla ya maji kujaa. Yanavyopanda yanawasogeza karibu nawe na kuwakusanya. Hapo 8x42 inatosha, na 10x42 inafaa zaidi kwa kuwa ufukwe ni wazi na una nafasi ya kuegemea. Ndege mweupe na mweusi mwenye mdomo mnene mweusi, mla kaa, Dromas ardeola, ni mgeni wa pwani hii katika miezi ya kusi kuisha na kaskazi, na mdomo huo unaonekana hata kwa 8x. Anayetaka kuhesabu makundi ya mbali anahitaji darubini ya jicho moja juu ya miguu mitatu, ya 20x hadi 60x, na hicho ni kifaa kingine kabisa.

Wanaotaka kuona vyombo vya mbali wanasahau duara la dunia. Macho yakiwa meta 2 juu ya maji, upeo uko kama kilomita 5. Ukipanda meta 10, unafika kama kilomita 11. Jahazi linaloondoka hupotea mwili kwanza, tanga likabaki, na hapo hakuna ukuzaji utakaolirudisha. Panda ghorofa.

Ndani ya chombo

Ukiwa kwenye ngalawa, boti ya kwenda Kisiwa cha Maziwe kutoka Pangani, au boti ya mto Wami upande wa Saadani, 7x50 ndiyo ya mabaharia, na kwa sababu nzuri: ukuzaji mdogo, duara pana, eneo kubwa. Kutafuta nyangumi wenye nundu wanaopita pwani hii takriban Julai hadi Oktoba ni kazi ya kupepesa macho juu ya eneo kubwa, na 10x inakufanya umkose kila anapoibuka. Anayeona 7x50 ni nzito achukue 7x35 au 8x42, wala asipande zaidi.

Za baharini nyingi zina fokasi ya kila jicho peke yake. Unaiweka mara moja, na kuanzia umbali fulani hadi upeo wa macho kila kitu kiko wazi bila kugusa kitu. Kwa bahari ni raha. Kwa ndege aliye meta 6 kwenye mkoko ni adhabu. Zikiwa na dira ndani, ulizia imesawazishwa kwa eneo gani la dunia, kwani iliyosawazishwa kwa Ulaya inaweza kuinama na kukwama huku kwetu. Zenye mistari ya kupimia hukupa umbali: urefu wa kitu kwa meta, zidisha kwa 1,000, gawanya kwa alama za mili (vipimo vya pembe kwenye mistari hiyo) zilizosomwa. Mnara wa meta 20 ukichukua alama 10 uko meta 2,000.

Kwenye maji alama ya IPX7 ina maana: kifaa kinastahimili kuzama meta 1 kwa dakika 30. "Inastahimili mvua" haina maana hiyo. Nunua pia kamba ya kuelea, kwa sababu darubini isiyopitisha maji huzama vizuri sana.

Amani na misitu ya Usambara

Msituni giza ni la mchana kutwa. Miti ni mirefu, chozi na hondohondo wako juu kwenye vilele, na ndege anatokea kwenye nafasi ya majani kwa sekunde mbili kisha hayupo. Unahitaji eneo pana ili umpate, na mwanga ili uone rangi yake. Hapa 8x42 haina mpinzani. Wengine huchukua 7x42. Soma upana wa eneo ulioandikwa: meta 130 au zaidi kwa umbali wa meta 1,000 ni vizuri kwa 8x. Maana yake kwa mti ulio meta 20 ni duara la kama meta 2.6. Wakati mwingine wameandika nyuzi, yaani digrii. Zidisha kwa 17.5 upate meta.

Angalia pia umbali mfupi wa fokasi. Vipepeo wa Amani wanataka darubini inayoona wazi kwenye meta 2 au pungufu. Inayoanzia meta 5 itakulazimisha urudi nyuma hadi kichakani.

Darubini za prizimu zilizonyooka, ambazo mirija yake haina kiwiko, ni nyembamba na huzibwa vizuri dhidi ya unyevu, ila za bei ndogo hupoteza ukali wa picha kama prizimu hazina mpako maalumu wa kurekebisha awamu ya mwanga. Zenye kiwiko, za muundo wa Porro, hutoa picha kali kwa fedha kidogo, lakini nyingi hazijazibwa. Kwa mwenye bajeti ndogo anayetazama kutoka barazani, Porro ni chaguo la busara. Kwa ukungu na manyunyu ya Amani, sivyo. Kwenye mpako wa lenzi tafuta maneno yanayosema nyuso zote za kioo zimepakwa tabaka nyingi. "Zimepakwa" peke yake inaweza kuwa uso mmoja tu.

Mbugani

Saadani utatazama kuro, kongoni na twiga kutoka kwenye gari, na 8x42 inatosha. Mkomazi ni wazi zaidi na wanyama, choroa kwa mfano, huwa mbali. Hapo 10x42 ina haki yake. Sharti ni kuzima injini, kwani gari linalounguruma linatetemesha picha kuliko mkono. Shona kifuko cha kitambaa kigumu, jaza maharage au mchele kilo moja, kiweke kwenye ukingo wa dirisha na ulaze darubini juu yake. Utashangaa ile 10x ilivyokuwa inakunyima.

Uwanjani

Mkwakwani, 8x25 ya kukunja ya gramu 300 na kitu inatosha. Kwa meta 100 itakuonyesha kama meta 11 au 12 za uwanja, mchezaji mmoja na aliye karibu naye. Kubwa zaidi ya hiyo utaichoka kabla ya mapumziko.

Mwezi mwandamo na nyota

Kwa anga, 10x50 ni mwanzo mzuri. 15x70 huonyesha zaidi ila haishikiki bila miguu mitatu na kishikio chake. Kilimia, ambayo kwa macho makavu ni nyota sita au saba, ndani ya 10x50 inajaa makumi ya nyota. Mushtarii itaonyesha hadi miezi minne midogo mstari mmoja ukiegemea ukuta. Pete za Zohali usizitegemee kwa darubini ya mkono.

Kwa mwezi mwandamo, upana wa eneo ni muhimu kuliko ukuzaji, hivyo 7x50 au 8x42 zinafaa. Hatua zake ni hizi. Tafuta mahali ambapo magharibi pako wazi, jambo ambalo kwa mji uliotazama mashariki linataka kutembea au kupanda juu ya paa. Kabla ya jua kuzama, weka fokasi kwenye kilima cha mbali sana au kingo za wingu lililo upande wa mbali na jua, kisha bandika kipande cha utepe juu ya gurudumu lisisogee. Hilali iliyo nje ya fokasi kidogo tu huyeyuka kabisa machoni. Kumbuka mahali jua linapozama kwa kutumia mti au nyumba. Usiinue darubini kuelekea magharibi hadi jua limezama lote: hata ukingo wake ukipita kwenye lenzi unaunguza jicho papo hapo, na hakutakuwa na maumivu ya kukuonya. Kisha pepesa polepole kushoto na kulia, ukipanda juu kidogo kidogo kuanzia mahali hapo. Ukiuona, shusha darubini na uutafute kwa macho. Kama kuuona kwa kioo kunakubalika, hilo ni la masheikh.

Miwani, watoto na fedha

Anayevaa miwani atafute nafasi ya jicho, yaani umbali ambao jicho linaweza kukaa nyuma ya lenzi na bado lione picha yote, ya milimita 16 au zaidi. Pungufu ya hapo ataona katikati tu. Raba za macho zishuke chini kwa kuzungushwa, si kwa kukunjwa, maana za kukunjwa hupasuka kwa joto. Mtoto mpe 6x au 7x nyepesi ambayo bawaba yake inabana vya kutosha. Nyingi za watu wazima haziendi chini ya milimita 56 kati ya jicho na jicho, na mtoto huishia kutazama kwa jicho moja.

Darubini ya 8x42 inayostahili jina hilo, iliyozibwa na kujazwa nitrojeni, huuzwa nje kwa dola 100 hadi 200 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Chini ya hapo chukua Porro. Zile za Zeiss, Leica na Swarovski za dola 2,000 na kuendelea ni bora kweli, lakini tofauti yake utaiona alfajiri na magharibi zaidi kuliko saa 6 mchana.

Kukagua kabla ya kulipa

Usijaribu ndani ya duka. Toka nje mlangoni, muuzaji mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Itikise kidogo karibu na sikio. Kikigonga kitu ndani, rudisha. Zungusha gurudumu mbele na nyuma: likiwa na nafasi tupu kabla ya kushika, litakusumbua kila siku. Tazama ukingo wa paa ulio mbali, kisha sogeza darubini polepole mbali na macho kwa sentimita 10 hivi. Mstari wa kushoto na wa kulia ubaki usawa mmoja. Ukipanda upande mmoja, pande mbili hazilingani. Jaribio jingine: fumba macho sekunde tano ukiwa umeishika, kisha fumbua. Picha ikianza kuwa mbili halafu ikajiunga, ni misuli ya macho yako inayofanya kazi ya darubini, na baada ya nusu saa kichwa kitauma. Kasoro hii ndiyo ya kawaida kuliko zote kwa za bei ya chini, na kwa mtumba ulioangushwa.

Kwa mtumba ongeza tochi ya simu. Mulika kutoka mbele na uchungulie kwa nyuma ukiwa umeinamisha kidogo. Nyuzi kama utando wa buibui ni fangasi. Waliokwisha kula kioo hawatoki. Vumbi dogo halina neno.

Kuiweka sawa na macho yako

Kunja bawaba hadi maduara mawili yawe moja. Chagua bango lenye maandishi lililo meta 50 hivi. Ziba lenzi ya mbele ya kulia kwa kifuniko, macho yote yakiwa wazi, na zungusha gurudumu la kati hadi jicho la kushoto lisome vizuri. Hamisha kifuniko kushoto, usiguse gurudumu, zungusha pete ya dayopta, ile inayorekebisha upande wa kulia peke yake, hadi jicho la kulia lisome. Kumbuka alama ya pete hiyo. Wengi wanaosema darubini yao "haioni" hawajawahi kuigusa. Kumpata ndege, mkazie macho makavu, usimwache, halafu pandisha darubini mbele ya macho; viwiko vibane mbavuni.

Chumvi, ukungu na fangasi

Ukitoka baharini, futa mwili wa darubini kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Lenzi zipulizwe kwanza kwa pampu ya mpira, kisha brashi laini, halafu ndipo kitambaa cha kufutia miwani chenye unyevu kidogo, kwa mzunguko kutoka katikati. Ukianza na upindo wa kanga au fulana, chembe za mchanga zitachora mpako, na mchoro huo haufutiki.

Ukishuka kutoka gari lenye kiyoyozi, kioo cha nje kitapata ukungu mara moja. Nitrojeni huzuia ukungu wa ndani tu. Iweke darubini kwenye buti wakati wa safari, au subiri dakika 15 bila kufuta. Usiiache juu ya dashibodi, gundi na grisi hulainika.

Nyumbani, mkoba wa ngozi na kabati la ukuta wa pwani ndiyo makazi ya fangasi. Tumia chombo cha plastiki chenye kifuniko kinachobana, weka ndani vifuko vya kunyonya unyevu, zile punje zinazookotwa kwenye maboksi ya viatu, viwe kadhaa na si kimoja. Punje zenye rangi zikibadilika, zikaushe kwenye kikaango moto mdogo hadi rangi irudi, ziache zipoe ndani ya chombo kilichofunikwa, kisha zirudishe. Wakati wa masika fanya hivyo kila wiki mbili. Mchele usitumie, unanyonya kidogo na kuacha unga kwenye bawaba.